Kopo la Poda Juu ya Kabati

Mwaka jana Nsimire alianguka mtihani wa kuingia faculté ya udaktari, na hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo kila mtu akawa na sababu yake. Jirani wa ukuta mmoja alisema ni kwa kuwa hakunywa hata chai asubuhi ile. Mzee mmoja wa kwaya ya parokia alisema nafasi ziligawanywa zamani, mtihani ni wa kupamba tu. Mama mmoja wa sokoni alisema simu zimewala wasichana akili, na simu yenyewe ya Nsimire ilikuwa na kioo kilichopasuka kiasi kwamba hata saa huisomi. Faculté haikusema neno. Walibandika majina ukutani, lake halikuwamo, mlinzi akafunga geti. Mlinzi naye huwezi kumuuliza ulikosea wapi.

Ukitaka kujua jambo lile liliuma kiasi gani, ungeingia kwao Kadutu, mjini Bukavu, ukatazama juu ya kabati. Siku Nsimire alipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mama yake, Maman Agnès, alimfanyia kama wanavyofanyiwa watoto wote wa Bukavu matokeo yakitoka. Alimmwagia kopo zima la poda kichwani na shingoni, wakateremka naye barabarani wakiimba mpaka soko la Nyawera, ambako Maman Agnès anauza unga wa muhogo, na wauzaji wenzake wakaacha meza zao wakacheza. Juma lile lile akanunua kopo lingine. "Hii ni ya faculté," alisema, akaliweka juu ya kabati. Mwaka ukapita, kopo likabaki pale pale na kifuniko chake. Kila Jumamosi mama alilipangusa vumbi na kulirudisha kimya kimya, na Nsimire aliona afadhali angetukanwa.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Si faculté iliyosema hivyo, ni nyumba. Patrice, mdogo wake, alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na mama mjane mwenye meza moja ya unga hawezi kulipia wawili chuo, hata akiamka na jogoo. Maman Agnès alilisema mara moja tu, akiwa anachekecha.

"Mwaka huu ni yako tena. Mwaka kesho ni ya Patrice. Usipoingia, utakuja tuuzishe unga pamoja. Haiko haya."

Haikuwa haya, kweli, na Nsimire aliitikia ndiyo, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Alitaka udaktari tangu mdogo, na si kwa ajili ya koti jeupe. Baba yao alivimba miguu, kisha uso, akalazwa, akafa, na daktari aliyepita kitandani alisema maneno ya Kifaransa huku anatembea. Mpaka leo Maman Agnès hajui mume wake alikufa na nini. Nsimire alitaka kuwa daktari anayesimama akaeleza.

Sasa, kujiandaa namna gani? Hapo ndipo watu wawili walipoanza kumvuta, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule.

Wa kwanza alikuwa Tonton Barthélemy, kaka ya mama yake, mwalimu wa hesabu upande wa Lwiro. Huyu bwana alisoma peke yake na taa ya petroli, na ukikaa naye kidogo lazima habari ya taa hiyo ikufikie. Iwe msiba, iwe ubatizo, taa itawaka. Alishuka na begi la vitabu vya biolojia na kemia, akaviweka mezani.

"Mwaka jana ulienda préparatoire, ikakuletea nini?" aliuliza. "Funga mulango, soma. Kichwa ni yako, si ya Gentil."

Gentil ni yule mwenye préparatoire. Ni kijana msomi, assistant wa chuo, aliyekodi ukumbi karibu na Nyawera na kuwafundisha wanaotaka kuingia faculté wakati wa likizo kubwa. Watu wanampenda, maana anafundisha kwa sauti na kwa vichekesho, na ukitoka pale unajisikia umeshakuwa daktari. Na aliyemvuta Nsimire kurudi huko alikuwa Tatiana, rafiki yake, ambaye naye alianguka mwaka jana.

"Peke yako utalala juu ya kitabu," Tatiana alimwambia. "Kwa Gentil, wewe njo ulikuwa wa kwanza kujibu kila siku. Ukibaki nyumbani utaharibika."

Na lilikuwa kweli, hilo la kujibu wa kwanza. Nitaeleza, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu mwalimu anaanza, darasa linamaliza. Anasema "photosyn…" na kunyamaza, ninyi mnapiga "…thèse." Anasema "chloro…", ninyi "…phylle." Anasema sentensi nzima na kuacha neno la mwisho likining'inia, na darasa lote linalidaka. Ndivyo tulivyosomeshwa wote, tusijifanye. Nsimire alikuwa bingwa wa mchezo huo tangu darasa la kwanza. Masista waliomfundisha walimpenda kwa ajili hiyo, kabla neno halijakatika vizuri yeye ameshalimaliza, na wengine wanafuata sauti yake. Hata mtihani wa Serikali haukumsumbua, kwa kuwa pale wanakupa majibu matano na wewe unachagua moja. Ukiliona unalikumbuka.

Alianza na ushauri wa Tonton. Alifunga mlango wa chumba, kiangazi kimepamba moto, vumbi la barabara linaingia chini ya mlango hata likakipaka kitabu. Alisoma sura ya moyo. Alielewa moyo wote, vyumba vyake na milango yake. Akafunga kitabu ili ajieleze mwenyewe, na hakuna kilichotoka. Si kwamba alisahau, la. Maneno aliyahisi yako karibu, yamekaa, yanasubiri kitu. Akafungua tena, akaona ni yale yale anayoyajua, akafunga, kimya. Mwisho wa juma la pili alikuwa ameamini kwamba ana kichwa kibovu.

Akaenda kwa Gentil. Mungu wangu, kule aliruka. Gentil anaanza, yeye anamaliza, ukumbi unafuata, Gentil anacheka na kusema, "Hii redio yangu iko na pile mupya," yaani betri mpya. Nsimire akarudi nyumbani anaimba. Akaketi mezani, akafunga kitabu ili ajaribu, na maneno yakakaa pale pale, yakisubiri.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kule ukumbini alikuwa na akili, huku chumbani alikuwa mjinga, na hakujua ni yupi kati ya hao wawili atakayeketi kwenye mtihani. Siku moja anaamka na kusema anaacha préparatoire. Kufika saa ya chakula ameshabadili. Tonton akipiga simu anamwambia, "Ndiyo Tonton, ninasoma peke yangu," Tatiana akipita mlangoni anavaa viatu na kumfuata. Maman Agnès alimtazama akitoka na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo, asiulize kitu. Alikuwa anaogopa kuuliza.

Kilichomfungua macho ni kikohozi. Mwezi wa nane vumbi la Bukavu halina adabu, na Nsimire aliamka koo limekauka, sauti imekwenda zake. Akaenda kwa Gentil hivyo hivyo, akakaa mahali pake karibu na Tatiana.

Gentil akaanza somo la figo. Akasema sentensi, akaacha neno la mwisho, akanyoosha mkono kwa darasa kama kawaida yake.

Ukumbi ukanyamaza.

Akairudia. Nyuma kabisa mtu mmoja akanong'ona kitu ambacho hakikuwa chenyewe. Gentil akamtazama Nsimire, Nsimire akaonyesha koo lake.

"Aa, redio leo haina pile," Gentil alisema, watu wakacheka, akamaliza sentensi mwenyewe. Na iliyofuata akaimaliza mwenyewe, na iliyofuata pia. Alasiri nzima alianza na kumaliza mpaka akachoka, akawaachia mapema.

Lakini Nsimire hakuwa anamtazama Gentil tena. Alimtazama Tatiana. Tatiana alikuwa amefungua mdomo nusu, ameelekeza macho kwenye midomo ya Nsimire, anangoja. Nsimire akageuka, akaona kijana wa nyuma yake naye anangoja vile vile. Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja yeye. Na yeye, tangu darasa la kwanza, alikuwa anamngoja mwalimu aanze.

Akakumbuka mtihani wa mwaka jana. Karatasi nyeupe, juu yake swali linaanza na "Eleza," chini hakuna kitu, hakuna majibu matano, hakuna sauti. Alikaa mbele ya ule weupe muda mrefu. Siku zote alidhani ni woga. Kumbe alikuwa anangoja mtu aanze sentensi.

Alimfuata Gentil nje akamweleza kwa sauti ile iliyokatika. Gentil hakukasirika. Alisimama na chaki mkononi, akafikiri, akakuna kichwa.

"Batu wote banafundisha vile," alisema. "Mimi pia njo namna walinifundisha." Kisha akaongeza, kwa upole, "Sijui nikuambie nini, Nsimire."

Akampigia Tonton. Tonton alifurahi kupita kiasi. Si alisema? Funga mlango, soma peke yako. Lakini peke yangu hakuna kinachotoka, Nsimire alitaka kusema, na sauti haikutosha, na taa ya petroli ilikuwa imeshawaka upande wa pili. Akakata simu na kukaa chini. Kwa mara ya kwanza alijua kosa lake ni lipi, na hilo lilimtisha kuliko alipokuwa hajui, kwa sababu dawa yake haikuwa kwa Gentil wala haikuwa kwa Tonton.

Asubuhi iliyofuata alimsindikiza mama yake Nyawera, maana hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Soko limejaa, wabebaji wanapiga kelele wapishwe, wenye pikipiki wanagombea abiria pembeni. Nsimire aliketi nyuma ya meza ya unga na kitabu magotini. Maman Agnès alikuwa anajaza beseni.

"Uko unasoma nini?"

"Figo, maman."

"Inafanya kazi gani?"

Nsimire akajaribu. Alisema neno hili na lile, akirukaruka, na kila akisita mama yake alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo mutoto wangu, na Nsimire akapata nguvu ya kuendelea, mpaka akashtuka. Akamwangalia.

"Maman, umeelewa?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini unatikisa kichwa?"

"Juu mimi ni mama yako," Maman Agnès alisema.

Nsimire akacheka hata kikohozi kikamshika. Alipotulia akamwomba kitu kimoja. Asitikise kichwa. Asiseme ndiyo. Aseme "eleza" na kunyamaza, na asimsaidie mpaka aelewe kweli, hata ikichukua asubuhi nzima.

Maman Agnès aliona ni adabu mbaya kumfanyia mtoto wake hivyo, lakini akakubali. Na kumbe alikuwa na kipaji. Miaka yote ya kuuza unga imemfundisha kutazama pembeni mteja anapotaja bei ya kijinga. Alisema "eleza," akageuzia uso kwenye beseni, ukawa uso mgumu usio na ndiyo wala hapana. Siku za kwanza ilikuwa aibu tupu. "Figo ni… figo ni…" na wateja wanasikiliza. Nsimire alitaka kukimbia. Alikasirika, akamwambia mama yake anamtesa, mama akajibu, "Eleza," akampimia mtu unga.

Kisha siku moja sentensi ikaanza yenyewe, kwa Kiswahili, kisha nyingine nyuma yake. Alasiri akaiandika kwa Kifaransa, lugha ya mtihani, ikakubali. Tatiana akaja kuona, akabaki. Akawa naye anakaa nyuma ya meza, na mmoja akieleza, mwingine haruhusiwi kufungua mdomo. Hiyo ilimtesa Tatiana kuliko kusoma.

Siku ambayo Nsimire alizieleza figo zote, kutoka mwanzo hadi mwisho, Maman Agnès hakuinua uso. Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia na hakupima.

"Na kama figo zimekataa kazi?" aliuliza.

"Maji yanabaki ndani ya mwili. Mutu anavimba."

"Anavimba wapi?"

Nsimire akaelewa wanazungumza habari gani. Alitaka kunyamaza. Lakini mama yake alimgeukia kwa uso ule ule ambao Nsimire mwenyewe alimwomba, uso wa kungoja.

"Anaanza miguu, maman," alisema polepole. "Kisha uso. Mimi sijakuwa daktari, siwezi kuapa. Lakini namna Papa alivimba, ninazani ni figo." Akaeleza yote. Kwa nini hakuwa na hamu ya kula, kwa nini alikuwa anajikuna, kwa nini siku za mwisho alisema mambo yasiyoeleweka na hakuwa amechukia mtu. Hakuna aliyemsaidia neno.

Maman Agnès akatikisa kichwa, mara moja tu.

"Nimeelewa," alisema, akaendelea kupima unga.

Ukiuliza kama Nsimire alisoma peke yake au alisoma préparatoire, hata mimi sijui nikujibu nini. Aliendelea kwenda kwa Gentil siku za kemia, akakaa kimya wakati wengine wanamalizia, na Gentil siku hizi anasema ni mwanafunzi wake. Tonton Barthélemy anawaambia watu wa Lwiro kwamba msichana alifunga mlango kama yeye zamani. Nsimire mwenyewe alichanganyikiwa mpaka siku ya mtihani. Usiku wa kuamkia alimwuliza Tatiana kama wangefanya vizuri zaidi kurudi kwa Gentil kila siku, na Tatiana akamjibu kwamba amechelewa kuuliza.

Mvua ilikuwa imeshaanza walipoingia ukumbini. Swali halikuwa la figo, usijidanganye. Waliulizwa mmea unavyopata chakula chake. Photosynthèse ile ile, chlorophylle ile ile aliyoimaliza kwa sauti tangu ana sare ya shule ya msingi. "Eleza," karatasi ilisema, na chini yake weupe. Nsimire alingoja. Alijisikia anangoja, akajiona kabisa, na woga wa mwaka jana ukamrudia. Hakuna aliyeanza. Akauleta mbele yake ule uso wa mama yake juu ya beseni, uso usiosaidia mtu, akaandika, "Jani."

Kisha akaandika yaliyofuata.

Alifika Nyawera amelowa. Maman Agnès alisimama alipomwona.

"Ilikuwa namna gani?"

"Sijui, maman. Nilianza mwenyewe, nikafika mwisho. Kama ni muzuri ao mubaya, sijui."

Maman Agnès akainama, akaingiza mkono chini ya meza, katika gunia tupu, akatoa kopo la poda. Lile la juu ya kabati. Akavunja kifuniko.

"Maman, majina bado," Nsimire alisema. "Watabandika majina mwezi kesho."

"Ninajua."

Akammwagia. Alimmwagia kichwani, shingoni, kwenye mabega ya shati lililolowa, na poda ikagandana na maji ya mvua. Mbebaji mmoja akasimama na mzigo wake akauliza kama amepita mtihani. Maman Agnès akasema hawajajua. Muuza ndizi wa meza ya pili alikuwa ameshainua mikono apige makofi, akaishusha, akamwangalia mwenzake. Tangu lini watu wanamwagiwa poda kabla ya matokeo? Wengine waliona ni kujitafutia balaa, na mmoja alilisema hivyo kwa sauti.

"Mwaka jana nilingoja ukuta inipe ruhusa ya kufurahi," Maman Agnès aliwaambia. "Ikanikatalia, nikakaa na hii kopo mwaka muzima. Huyu mutoto alinieleza kitu hakuna munganga alinieleza. Leo ninaanza mimi. Bale ba faculté batamaliza."

Halafu akaketi juu ya gunia akafunika uso kwa kitenge chake.

Nsimire alisimama kati ya meza, kichwa cheupe, poda inamchuruzika machoni, asijue kama ni wa kupongezwa au wa kuonewa huruma. Watu wa soko nao hawakujua, walimtazama tu. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja muda wote akauliza unga ni bei gani. Mama yake alikuwa bado analia, kwa hiyo Nsimire ndiye aliyemjibu.